Mkungu Haushonwi

Barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Keroka na Sotik hulikata soko la Keumbu katikati, na asubuhi ya soko kazi inayofanyika kando ya lami ile kuliko zote ni moja: kufunga. Keumbu ni wadi ya eneo bunge la Nyaribari Chache, nchi ya vilima na mvua ya kutosha, na migomba imekaribia kila mlango. Mikungu huteremshwa kutoka mashambani kichwani, mgongoni, kwa mkokoteni na kwa bodaboda, kisha hupakiwa kwenye pikapu na malori yaendayo Nairobi na miji mingine. Kabla ya kupakiwa kuna kufunga. Baada ya kupakiwa kuna kufunga tena.

Tazama mikono. Mama anayeuza mboga za chinsaga huchukua utepe mwembamba wa gamba kavu la mgomba, huulowesha kwanza usije ukakatika, huusokota mara moja kati ya viganja, kisha huuzungusha kwenye mabua ya mboga na kuzisokotesha ncha mbili. Hakuna fundo. Kicha kimekamilika, na mnunuzi atakapofika nyumbani ataukata utepe kwa ukucha na kuutupa. Hatua chache kutoka pale, kijana wa bodaboda ameulaza mkungu juu ya kiti cha pikipiki. Anatumia blada, yaani ule mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Huuvuta mpaka uwe mwembamba, huuzungusha chini ya fremu, na huichomeka ncha yake chini ya mzingo wa mwisho. Blada haitupwi. Itafyatuliwa mwisho wa safari na kurudi kwenye usukani, imeviringishwa, tayari kwa mzigo mwingine. Na juu ya lori, mzee anahangaika na kamba ya manila na turubai, goti moja limeukandamiza mzigo.

"Mogaka, kaza hapo nyuma!" mwenye mali anamwambia kutoka chini.

"Imekazika, mama. Nikivuta zaidi itazikata ndizi."

Kwa macho ya mpita njia, wote watatu wanafanya jambo moja. Mtu akiniuliza, nitamwambia wanafanya mambo matatu, na kinachotofautisha mambo hayo ni namna ya kufungua. Kifungo cha kwanza kinakatwa, cha pili kinafyatuliwa, cha tatu kinafunguliwa fundo kwa fundo na mtu wa Nairobi ambaye hatamwona kamwe aliyelifunga. Sura hii ni ya maneno ya Kiswahili yanayotaja kazi hiyo ya kuviweka vitu pamoja, na ninachodai ni hiki: kila neno la kufunga limebeba ndani yake habari ya jinsi kitu hicho kitakavyoachana. Ukilichagua neno bila kujali habari hiyo, umesema uongo mdogo kuhusu kitu chenyewe.

Mtoto aliyesoma Kenya hakulelewa kuliona jambo hili. Shuleni visawe huja kwa safu: neno upande huu, mwenzake upande ule, alama ya usawa katikati. Kizazi kizima kilichopitia mtihani wa darasa la nane, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kilijifunza kwamba maneno yenye maana karibu hubadilishana viti bila kugombana. Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka Nairobi mwaka 1998, ni kazi ya thamani na ninaipendekeza kwa kila mwandishi. Lakini kamusi ya aina hiyo ni mlango wa ghala tu. Inakuonyesha kwamba funga, unga, kaza, bana, shikiza, ambatisha na gandisha vimehifadhiwa chumba kimoja. Haiwezi kukushika mkono ikakuambia kipi ni cha mboga na kipi ni cha mfupa.

Tuanze na funga, kwa sababu ndilo jitu lenyewe. Tunafunga mlango, duka, mzigo, mkanda, safari, ndoa, saumu, bao, mkutano. Mwizi hufungwa, na muda wake jela ni kifungo, neno lile lile la kitufe cha shati. Sehemu ya sheria ni kifungu. Mwana wa kwanza ni kifungua mimba, na wa mwisho, kwa wengine, ni kifunga mimba. Anayehama kwa hasira hufungasha virago. Mataifa yaliyokutana Belgrade mwaka 1961, yakakataa kuwa ya Marekani au ya Kisovieti, kwa Kiswahili yaliitwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na sijui kama kuna lugha iliyowapa jina lenye uzito kuliko hilo, maana kufungamana ni kufungwa huku na wewe umefunga.

Mengi ya matumizi hayo yanaelewana kwa sababu ya kitu kimoja: funga ina fungua. Kilichofungwa kimeahidiwa kufunguliwa. Duka litafunguliwa kesho, saumu itafunguliwa magharibi, mfungwa ana tarehe yake. Kiswahili hakikwenda mbali kutafuta kinyume. Kililichukua neno lenyewe na kulipachika sauti mwishoni, na ufundi huo kimeurudia kwa familia nzima ya kazi za mikono: ziba na zibua, kunja na kunjua, bandika na bandua, pachika na pachua, chomeka na chomoa, tega na tegua, ezeka na ezua, fuma na fumua. Hata fumbo la akili limo humo, kwani mambo yaliyotatana hutatuliwa, na anayetatua anafanya kazi ya kidole inayofanywa kwenye uzi uliojisokota. Msusi wa Keumbu anayesuka nywele asubuhi na kufumua za mteja mwingine mchana anaitumia kanuni hii bila kuambiwa na mwalimu yeyote. Anajua pia kwamba kinyume cha suka amekiazima kwa jirani, fuma, kwa kuwa kichwani mikono hufanya kazi zile zile za mfumaji.

Sasa lichukue neno unga. Mfupa uliovunjika huungwa. Kamba iliyokatika huungwa. Mboga huungwa kwa nazi au kwa karanga, na vinavyotiwa humo huitwa viungo, jina lile lile la goti na kiwiko. Mwili wote ni maungo. Jaribu kuligeuza neno hili kama tulivyogeuza funga, utapata ungua, na hilo ni neno jingine kabisa, la moto na ngozi. Unga halina kinyume chake chenyewe. Kilichoungwa hakikutarajiwa kuachana. Kikiachana, tutalazimika kutafuta neno la nje, tena la maumivu: kimekatika, kimevunjika, kimetengana. Nani ameweza kuitoa nazi ndani ya mchuzi?

Kwa sababu hiyo naona busara kubwa katika jina ulilopewa umoja wa tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa dola moja. Uliitwa Muungano. Mfungamano ungekuwa na mlango wa kutokea ndani ya herufi zake. Miaka mitatu baadaye nchi tatu za Afrika Mashariki zilianzisha kitu chepesi zaidi na kukipa jina la kukusanyika, Jumuiya. Ilivunjika mwaka 1977, ikaundwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Sidai kwamba majina yaliamua historia. Nadai kwamba aliyeyachagua alisikia tofauti, na msikilizaji wa kawaida naye aliisikia.

Nchini Kenya neno muungano limechoka. Kila uchaguzi vyama huungana kwa miezi kadhaa, na magazeti huandika muungano pale ambapo mzee wa lori la ndizi angesema wamefungana kwa blada.

Tukirudi Gusii, nchi ya Abagusii ambamo Keumbu imo, kuna kifungo kimoja ambacho kila mpenzi wa Kiswahili angepaswa kukijua. Magazeti yetu hupenda kusema fulani amefunga pingu za maisha, na msomaji hupita juu ya maneno hayo bila kuiona pingu. Miongoni mwa Abagusii chuma kilikuwepo kweli. Sherehe kamili ya ndoa iliitwa enyangi, na katika sherehe hiyo bibi arusi alivishwa miguuni, juu ya vifundo, pete za chuma ziitwazo ebitinge. Enyangi haikuwa lazima ifuate siku ya kuhama kwenda kwa mume. Ng'ombe wa mahari wangeweza kuwa wametolewa na watoto wamezaliwa kabla siku hiyo haijafika. Ilipofika, ndoa ilikuwa imefika mwisho wa safari yake ya kujengwa, na zile pete zilimtangaza mwanamke popote alipokwenda, sokoni, kisimani, shambani, kwamba ndoa yake ilikuwa ya kudumu. Robert na Barbara LeVine walioishi na jamii moja ya Wagusii miaka ya 1950, na kuandika kitabu kiitwacho Nyansongo kilichochapishwa mwaka 1966, waliyaona mambo haya yakiwa tayari yamepungua. Leo wengi wa wanaofunga ndoa Keumbu hufanya hivyo kanisani, kwa pete ya kidole inayovuliwa kila mtu anapoosha vyombo.

Fikiria tofauti ya vyuma hivyo viwili. Pingu ina ufunguo, na ufunguo uko kwa askari. Pete ya ebitinge haina ufunguo. Kiswahili kilipotafuta picha ya ndoa kilichukua kitu cha gereza, kitu chenye mtu wa tatu anayeshika funguo. Ekegusii, lugha ya Abagusii, kilikuwa na kitu ambacho mwanamke alitembea nacho mwenyewe, na ambacho kukivua kulikuwa ni kauli mbele ya watu wote. Naandika haya nikijua kwamba uzito wa chuma kile uliangukia mguu wa mwanamke peke yake, na mume hakuvaa kitu. Hilo nalo ni sehemu ya habari ya kifungo, nani amefungwa na nani ameshika kamba, na neno funga halitwambii. Lugha ilihitaji kauli ya kutendana, fungana, ili kusema kwamba wote wawili wamefungwa.

Kwa kuwa tumetaja arusi, nimwonye msomaji kuhusu fungate. Sikio litakudanganya kwamba limetoka kwa funga, kwamba maarusi wamefungiwa ndani. Sivyo. Fungate ni siku saba, na ni mabaki ya hesabu ya zamani ya Kibantu ambayo ndugu zetu Wamijikenda bado wanayo, maana kwao saba ni mfungahe. Kiswahili kiliiacha hesabu hiyo kilipochukua saba kutoka Kiarabu, lakini arusini iliendelea kuishi.

Shona ni neno la kiburi halali cha pwani. Mtu wa bara hulifikiria shati. Mtu wa visiwa vya Lamu wa zamani angelifikiria jahazi. Mtepe wa Wabajuni ulijengwa bila msumari: mbao zilitobolewa matundu kingoni, zikashonwa moja kwa nyingine kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ustadi huo ulikuwa mkongwe wa kushangaza. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, uitwao Periplus, unalitaja soko la pwani yetu liitwalo Rhapta na kusema jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, lakini mwaka 2010 merikebu iliyoshonwa kwa namna hiyo, Jewel of Muscat, ilisafiri kutoka Oman hadi Singapore na kufika salama.

Kwa nini washone ilhali chuma walikijua? Mshono hupinda. Chombo kilichoshonwa kikigusa fungu la mchanga hujinyonga kidogo na kurudi mahali pake, na mshono ukichakaa hufumuliwa na kushonwa upya bila kuiharibu mbao. Msumari hauna huruma hiyo: ukishatoka, umeacha jeraha.  Unaung'oa, kama jino.

Nyumba za msonge za Abagusii zilisimama kwa akili hiyo hiyo ya mabaharia, ingawa bahari iko mbali nao. Fito zilifungwa kwenye nguzo kwa kamba za miti na magome, udongo ukakandikwa juu, paa likaezekwa kwa nyasi. Paa likioza liliezuliwa, na nguzo ilibaki nzima. Hata ekee, kile kikapu kizuri cha Wagusii kinachotengewa obokima, ugali wa wimbi, ni kazi ya kuzungusha na kushona mzingo juu ya mzingo. Na obokano, kinubi chao kikubwa cha nyuzi nane, hakipigwi kabla ya mpigaji kukaza na kulegeza, kukaza na kulegeza, hadi kila uzi ukae mahali pake. Kaza, kama alivyojua mzee wa lori, huja baada ya funga. Fundo linaweza kuwa sahihi na kamba ikawa legevu. Ndiyo maana fundi hukaza nati, hazifungi tu.

Kuna maneno mawili madogo ninayoyahurumia kwa sababu yanapotea. La kwanza ni shikiza. Fundi cherehani hushikiza pindo kwa nyuzi ndefu kabla ya kulishona. Ni kushona kwa ahadi, kunakokusudiwa kutolewa. Lugha ya ofisi ingelihitaji sana neno hili. Makubaliano ya muda, bei ya muda, kaimu mkurugenzi: yote hayo yameshikizwa. La pili ni ganga. Leo tunalijua kupitia mganga, na kupitia methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalitaja pia kwa maana ya kukifunga kitu kilichovunjika ili kishikane tena, kama mti uliopasuka unavyoviringishwa kamba. Kuganga, kwa maana hiyo, ni kuzirudisha sehemu mbili zikae pamoja na kuzishika hapo mpaka zipate nafuu. Ni kufunga kwa ajili ya kuunga. Banzi na kitambaa mguuni ni vya kufunguliwa. Mfupa ndani yake ni wa kuungana. Neno moja lilibeba kazi zote mbili, na sisi tumeliachia vibanda vya dawa za mapenzi.

Mafundi wa jua kali kando ya barabara ile ile ya Keumbu wana msamiati wao, na uko hai. Wanachomelea mlango wa chuma, na wanajua kwamba kilichochomelewa hakifunguliwi, hukatwa kwa jiwe la msasa. Wa redio na simu hulehemu kwa risasi, na risasi ikipashwa moto tena waya hutoka. Chomelea na lehemu huwekwa pamoja katika vitabu kama ndugu, lakini mteja aliyelipia la kwanza akapewa la pili atarudi na geti mkononi.

Wasiwasi wangu ni unganisha. Neno hili limekuwa kubwa ghafla. Stima huunganishwa, simu huunganishwa, jamii huunganishwa, mikopo huunganishwa, barua huunganishwa na risiti. Ofisini lilipaswa kuwa ambatisha, kwa kuwa risiti hung'oka kwenye barua na barua ikabaki barua. Stima ingeweza kuvutwa au kuingizwa, kama watu wa vijijini wanavyosema bila kusumbuka. Tatizo halikuanzia kwa wasemaji. Limetoka kwa watafsiri wa haraka, wanaokutana na neno moja la kigeni lenye matumizi mengi, wakalitafutia neno moja la Kiswahili na kulirudia popote. Kenya imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi katika ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, kwa hiyo matangazo na fomu zitaendelea kutafsiriwa kwa wingi. Fomu inayomtaka mkulima wa Keumbu aunganishe nakala ya kitambulisho inamtaka afanye jambo lisilofanyika.

Kazi ya kuyaokoa maneno haya haihitaji kamati. Mwalimu wa Kiswahili aliye Kisii au Nyamira anaweza kulipeleka darasa sokoni asubuhi moja, wanafunzi wakae na wafungaji wa ndizi, fundi cherehani, msusi na mchomeleaji, na kwa kila kazi waulize maswali mawili: unaitaje unachofanya, na kitafunguliwaje? Waandike pia Ekegusii kinachosemwa hapo, kwa sababu wanaokijua kikamilifu wanazeeka. Majibu yao yapelekwe kwa watunzi wa kamusi, na wewe msomaji uliye karibu na soko lolote, la Keumbu au la kwenu, usisubiri mwalimu aanze.